Jaketi la Mwanangu Nililolitia Ndooni

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie, ila nakuonya mapema kwamba nimekuja na kosa moja la kukiri na jambo jingine ambalo sitalikiri kuwa kosa hata nikifungwa kamba, na ukimaliza kusoma utaniambia mwenyewe lipi ni lipi.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na tatu, mjane, dobi wa hoteli, na tangu ujana wangu nafua mashuka, mablanketi, mito na makoti ya wageni katika chumba kisicho na dirisha ambamo mvuke hauishi, na huo mvuke ndio ulionipeleka mlimani, kwa sababu mwaka jana mkunga mmoja jirani yangu aliniambia kuna chama cha watu wa kawaida wanaopanda milima siku za mapumziko, wanalala kwenye mahema na kurudi wakiwa wachafu na wenye furaha, nikamwambia niandikishe leo leo, maana nilikuwa na hamu ya kuvuta hewa ambayo haijapitia kwenye mashine.

Kiongozi wa chama ni mwalimu wa michezo mstaafu ambaye amejiita Kamanda na sisi sote tunamwita hivyo, mtu mwenye filimbi shingoni hata akiwa anakula, na safari yangu ya kwanza alinitazama nikiwa nimevaa koti langu la jinzi lenye bitana nene ya pamba, zito, lile ninalolipenda, akasema "Mama Dobi leo umependeza," basi, hakusema zaidi, na mimi sikujua zaidi, tukapanda. Siku ya pili mchana mvua ikatushika juu ya msitu pale ambapo hakuna mti wa kujificha, lile koti likanywa maji kama sifongo, bitana ikanigandia mgongoni, upepo ukaja, nikaanza kutetemeka, halafu cha ajabu nikaacha kutetemeka nikajisikia vizuri tu, nikawa nahesabu mashuka kwa sauti, moja, mbili, tatu, na kumwambia mkunga azime mashine kabla haijaunguza. Yeye ndiye aliyejua kinachonipata. Alinivua koti kwa nguvu kama anavyomvua mtoto, akavua jaketi lake mwenyewe jepesi, lenye maji tayari mabegani, akanifunga zipu hadi kidevuni, na mshauri, naapa, lile jaketi lilikuwa limelowa na bado lilikuwa na joto. Tukashushwa, chama kizima kikakosa kilele kwa ajili yangu, na mwanangu alipokuja kunipokea alinikuta nimefungwa mablanketi, midomo haina rangi, akakaa chini kwenye vumbi palepale akalia, mwanamume mzima, fundi bomba mwenye mikono kama koleo.

Sasa mtu mwenye akili angeacha. Mimi nilianza kutafuta jaketi.

Mkunga aliniambia lake limejazwa nyuzi za poliesta, wala si manyoya ya bata kama ya wale wakubwa wa chama, na hapo nikaelewa kila kitu, kwa sababu mimi nafua vitu hivyo vyote viwili, mto wa manyoya ukilowa unajikunja donge, unanuka kama banda la kuku, unakaa siku tatu haujakauka, lakini mto wa nyuzi unaukamua asubuhi na jioni mgeni analalia. Nikazunguka soko la mitumba miezi mitatu, nikabinya majaketi, nikayapuliza kwa mdomo kuona kama pumzi inapita kwenye kitambaa, nikayageuza kuona mishono, hadi nikalipata moja la rangi ya chungwa iliyofifia, baya kwa sura, lenye kofia iliyoshonewa palepale, lastiki nzima mikononi, na ukilishika halizidi uzito wa shuka moja kavu la kitanda kidogo. Lilikunjika likaingia ndani ya mfuko wake lenyewe. Nililifurahia kama nguo ya harusi.

Wiki ileile mwanangu akaja na zawadi. Kumbe baada ya kulia kule alikwenda kwa Kamanda kumuuliza mama yake avae nini, Kamanda akamwambia manyoya ya bata, hakuna kingine, na mwanangu akajinyima miezi kadhaa akaninunulia jaketi jipya jeusi, linang'aa, limetuna kama mkate, akaniambia, "Mama, kama lazima uende, basi hili halitakuangusha." Nikalipokea, nikamkumbatia, nikamwambia asante mwanangu, na lile la chungwa nilikuwa nimelificha chini ya meza ya kupigia pasi. Ningemwambia siku ileile yasingefika hapa, najua, usinisomee hilo.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na kikao cha chama kwenye ukumbi wa shule, kupanga safari ya kurudia kilele, na Kamanda akasoma majina ya watakaopanda, langu halimo. Nikauliza. Akasema, "Mama Dobi utabaki kambi ya kwanza, utatulindia mizigo na kutuchemshia chai. Tulishaona mwili wako hauwezi baridi." Nikamwambia mwili wangu hauna shida, koti ndilo lililokuwa na shida, na sasa nina jaketi la nyuzi. Akacheka. Akasema vile vijaketi ni vya kuendea sokoni, mlimani ni manyoya tu, na akamalizia, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu ni langu, Kamanda," nikamwambia, "na halijavunjika."

Watu wakacheka, yeye akanuna, na mimi, mshauri, kichwa kikapata moto. Nilikuwa na majaketi yote mawili kwenye begi, lile la chungwa kwa kuwaonyesha, na lile jeusi kwa sababu mwanangu alisema atanipitia baada ya kikao na nilitaka anikute nimelivaa. Nikatoka nje, nikachukua ndoo mbili za kupigia deki, nikazijaza maji bombani, nikazileta katikati ya ukumbi na nikatumbukiza moja huku, moja kule. Nikayakandamiza kama ninavyokandamiza mablanketi. Nikayatoa, nikayakamua kwa viganja bila kuyasokota, nikayatundika kwenye viti viwili, nikasema, "Sasa Kamanda, endelea na kikao, tutayatazama ukimaliza."

Baada ya kama nusu saa la chungwa lilikuwa limeanza kutuna tena, ukiingiza mkono unakuta joto lako linakusubiri. Lile jeusi lilikuwa kama kuku aliyenyeshewa. Madonge yameshuka chini, mgongoni kitambaa kitupu, ukilinyanyua mbele ya dirisha unaona mwanga upande wa pili. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mkunga akapiga mluzi. Hata Kamanda alipapasa majaketi yote mawili, halafu akachukua kalamu akaandika jina langu kwenye orodha bila kunitazama usoni.

Nikageuka, nikamwona mwanangu amesimama mlangoni. Sijui alifika saa ngapi.

"Mama," akasema polepole, "hilo si lile langu?"

Nikasema ndilo. Akalitazama linavyochuruzika. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akanipakia kwenye pikipiki yake, na aliponifikisha nyumbani akaniambia bila kushuka, "Nilikununulia kitu cha kukupa joto ukakifua mbele ya watu ili ushinde ubishi. Sawa. Lakini mlimani ukienda na hilo lako kuukuu la chungwa, usiniage."

Ni siku kumi na mbili sasa hapokei simu yangu. Safari imebaki wiki mbili na nusu. Dada yangu anasema nivae la mwanangu yaishe, jirani wa upande wa pili anasema mama hashindani na mtoto, niache huo mlima kabisa, na kazini wananiuliza mwanamke wa umri wangu amesahau nini kule juu. Mshauri, sitaki kuvaa kitu ninachojua kitaniua ili tu mtu asinune. Sitaki kubaki kambini kuchemsha chai. Na sitaki kuondoka bila kumuaga mwanangu wa pekee. Nataka vyote vitatu, na kila mtu ananiambia nichague. Kwani lazima nichague?

Mimi,
Dobi Niliyekwisha Kuandikwa kwenye Orodha

MSHAURI ANAJIBU

(Kwa kuwa safari ilikuwa karibu, jibu hili nilimtumia mwenyewe kwanza, kabla ya kulichapa.)

Mama Dobi, huna haja ya kuchagua. Una haja ya kutenganisha, na hiyo ni kazi unayoijua: nyeupe kando, za rangi kando. Wewe umefua mambo matatu kwenye maji yaleyale, sasa unashangaa yamechujiana rangi.

Tuanze na la kukukaripia nilimalize. Kuhusu jaketi ulikuwa na haki, na haki hiyo ukaitia kwenye ndoo pamoja na moyo wa mwanao. Nakuuliza wewe, mtu wa chumba cha kufulia: pale hotelini hakuna mto wa manyoya uliochakaa? Hakuna hata mmoja unaosubiri kutupwa? Mto mmoja na ndoo moja vingemnyamazisha Kamanda vizuri tu. Lakini kichwa kilipata moto, ukachukua kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu kilikuwa ni miezi ya kujinyima ya mtoto aliyekaa vumbini akikulilia. Na kabla ya ndoo ulishamficha. Uliniambia nisikusomee hilo. Nimekusomea.

Sasa sikiliza la pili, kwa sauti ileile. Huvai jaketi la mtu yeyote kwa ajili ya kumfurahisha mtu yeyote. Mlimani mvua haiulizi nani alinunua nini. Wewe unajua maji yanavyofanya manyoya kuliko Kamanda anavyoijua filimbi yake, na mahali ulikokwenda ni mahali pa mvua, jua na ukungu kwa siku moja, na mtu anatoka jasho akipanda. Hapo jaketi la nyuzi, jepesi, linalokauka mwilini, ndilo la kubeba. Umechagua vizuri, na umechagua kwa vidole vyako. Usimruhusu mtu akuambie ni bahati.

Ila usivimbe kichwa. Manyoya si takataka. Kwenye baridi kali iliyo kavu, jaketi la mwanao lingekushika joto kuliko lako, kwa uzito uleule. Kamanda hakumdanganya kijana, alimjibu nusu. Kosa lake kubwa ni jingine: alikuona unapanda na jinzi na pamba akasema umependeza. Kiongozi anayeona hivyo akanyamaza hana mdomo wa kumwambia mgonjwa kwamba mwili wake hauwezi. Hilo mwambie siku moja, mkiwa wawili, bila ndoo.

Na hilo lako usilivae ovyo. Lijaribu juu ya sweta, nyanyua mikono yote miwili. Kiuno kikibaki nje, tafuta jingine hata kama unalipenda. Usipande nalo mwilini. Unapotembea vaa kidogo, usikie kaubaridi, halafu mkisimama tu ndipo ulivae, kabla hujaanza kutetemeka, maana wewe tumeshaona ukiacha kutetemeka unahesabu mashuka. Juu yake liwepo koti la mvua, kwa kuwa kupata joto ukiwa umelowa ni jambo la dharura, si starehe ya kuitafuta. Usikae nalo limesindiliwa mfukoni mwake mwezi mzima, nyuzi zinalala zisiamke. Litundike. Na lisisogee motoni, cheche moja tu inatoboa, na pasi usithubutu, ingawa najua mkono wako unawasha.

Kabla ya safari lala nje usiku mmoja kwenye hema, nyuma ya nyumba, ulione linavyokufaa. Mwambie mkunga alale nawe.

Sasa mwanao. Unadhani amekasirikia jaketi? Alikuona umerudishwa kutoka mlimani kama nguo zilizoloweshwa, na hakuwa na la kufanya, yeye ambaye kazi yake ni kwenda mahali maji yanapovuja na kuyazuia. Lile jaketi lilikuwa ndilo la kufanya. Wewe ukalitia maji mbele ya watu wakapiga makofi. Kijana wako anaogopa, na mwanaume akiogopa mara nyingi anatokea mlangoni amevaa hasira.

Basi acha kumpigia simu. Simu ni ya kuulizia hali. Lichukue lile jeusi, lifue kwa sabuni laini, suuza mara tatu, litie kwenye mashine ya kukaushia kwa moto mdogo pamoja na mipira ya tenisi, lizunguke hadi madonge yote yafumuke. Wewe ndiye dobi, nakufundisha nini? Likishatuna kama siku alipokuletea, livae, nenda anakofanya kazi, saa ya mchana, mbele ya mafundi wenzake. Ulimwaibisha mbele ya watu, usiende kumwomba radhi gizani. Sema, "Nilifanya kosa kukificha nilichonunua, na nilifanya kosa kuitumia zawadi yako kubishana." Ukifika hapo funga mdomo. Usiweke "lakini". Nakufahamu kwa barua hii moja tu, na ninajua "lakini" yako iko tayari ulimini.

Akikuuliza kama utaenda mlimani, mjibu utaenda. Akikuuliza na jaketi gani, mwambie ukweli, na umweleze kwa nini, taratibu, kama unavyomweleza mtu unayempenda na si kama unavyomweleza Kamanda. Mwachie njia mtakayopita, jina la mkunga, na saa mnayotarajia kushuka. Omba radhi kwa ndoo. Kwa mlima usiombe radhi.

Na asipokubali? Aga hivyo hivyo. Alisema usimuage, hakuna mtoto mwenye mamlaka hayo. Simama mlangoni kwake, sema kwaheri, hata kama mlango umefungwa, halafu nenda kapande.

Wale wa kazini wanaouliza umesahau nini kule juu, waambie ukirudi utawajibu. Wakae kwenye mvuke wasubiri.

ALIVYONIANDIKIA ALIPORUDI

Mshauri, nilikwenda kwake kama ulivyosema, nimevaa lile jeusi kwenye jua la mchana, natoka jasho hadi visiginoni, mafundi wanacheka. Alikuwa ndani ya shimo, mabomba yamemzunguka. Nikasema maneno yangu. "Lakini" ilinijia mara mbili, nikaimeza. Akaniambia, "Mama, livue utazimia," akarudi kwenye mabomba yake. Siku ya safari nilikwenda kumuaga, mlango ukafunguliwa nusu, akauliza saa ya kushuka, akaiandika kwenye kiganja.

Sasa cheka: mvua haikunyesha hata tone. Siku nne mbingu safi, baridi kavu inayokata masikio, na Kamanda ndani ya manyoya yake alikuwa na joto kunishinda na alihakikisha kila mtu amejua. Nililala na soksi mbili na kila nguo niliyobeba. Jaketi langu la chungwa lilinitosha kwa shida, nasema ukweli, kwa shida, lakini lilinitosha, na saa mbili asubuhi ya siku ya tatu nilikuwa nimesimama kileleni kwa miguu yangu miwili, nikafika wa nne, mkunga wa tano.

Mwanangu alikuwa chini ananisubiri, amefika mapema mno. Akanikagua midomo, akanikagua vidole, kama anatafuta panapovuja. Akabeba begi langu.

"Haya, kuna nini huko juu?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna kitu. Mawe na upepo.

Akasimama. "Na kwa mawe na upepo ndiyo umetusumbua wote hivi? Utarudi tena?"

Nikamwambia mwezi wa nane, na nikatangulia kutembea.